Ua Lisilo na Jina: Namna Spishi Mpya ya Okidi Inavyotambulishwa, na Wajibu wa Mkazi wa Kata

Baada ya mvua kubwa za masika, mti mkongwe huanguka msituni. Matawi yake ya juu, ambayo kwa miaka mingi hayakufikiwa na mkono wa mtu, hulala chini pamoja na kila kilichoota juu yake: kuvumwani, makangaga na, mara nyingine, mmea mdogo wenye mizizi ya kijivu iliyoshikamana na gome, wenye ua jeupe lisilozidi ukubwa wa ukucha. Mkazi aliyekwenda kuokota kuni siku iliyoruhusiwa hulitupia jicho, kisha akapita. Huenda ua hilo limejulikana na wataalamu tangu zamani. Huenda pia halijapata kuandikwa katika kitabu chochote duniani.

Kata zinazopakana na misitu ya milima, kama zile za Usambara, zina bahati na dhamana ya kuishi jirani na mimea ambayo baadhi yake haipatikani mahali pengine popote. Somo hili linaeleza maana ya spishi mpya, hatua zinazofuatwa hadi mmea upewe jina, na sababu zinazoufanya mwenendo wa mkazi wa kawaida kuwa sehemu ya kazi hiyo. Mfano uliotumika ni okidi, kwa kuwa ndiyo mimea inayogunduliwa kwa taabu na kupotea kwa urahisi.

Okidi ni mmea wa namna gani

Okidi ni ukoo mkubwa wa mimea ya maua, wenye spishi zaidi ya 25,000 duniani kote. Mkulima wa vanila mkoani Kagera analima okidi, hata kama hajapata kulisikia neno hilo. Maganda ya vanila ni matunda ya okidi ambayo asili yake ni Meksiko na nchi jirani.

Ua la okidi lina vipande vitatu vya nje na vitatu vya ndani. Kimoja kati ya vile vya ndani hutofautiana na vingine kwa umbo, na mara nyingi kwa rangi pia. Hicho huitwa mdomo, na kwa kawaida ndicho kiwanja anachotua mdudu. Katika spishi nyingi, nyuma ya mdomo huning'inia mrija mwembamba wenye nekta ndani yake. Mdudu anapoifuata nekta hiyo, chavua, ambayo katika okidi nyingi haiko kama unga bali imefungamana katika vidonge, hunata mwilini mwake naye huipeleka kwenye ua jingine.

Ziko okidi za ardhini, ambazo nyingi zina viazi chini ya udongo, na ziko okidi za mitini. Hizi za mitini hudhaniwa kuwa wanyonyaji, lakini sivyo. Hutumia mti kama mahali pa kukalia tu, na hupata maji kutokana na mvua na ukungu kwa njia ya mizizi iliyo wazi hewani. Ndiyo maana okidi ya mtini ikibanduliwa na kupandwa katika kopo la udongo nyumbani, mizizi yake huoza na mmea hufa.

Mbegu za okidi ni ndogo kama vumbi na hazina akiba ya chakula. Ili mbegu iote msituni, ni lazima ikutane na kuvu wa aina inayofaa, ambaye huilisha katika siku zake za mwanzo. Kwa hiyo okidi moja iliyokomaa ni matokeo ya mambo mengi kukutana mahali pamoja: mti unaofaa, ukungu wa kutosha, kuvu anayestahili na mdudu anayelifahamu ua lile. Likikosekana moja kati ya hayo, mengine hayatoshi.

Maana ya neno "mpya"

Wataalamu wanaposema wamepata spishi mpya, hawamaanishi kwamba mmea huo umezaliwa jana, wala kwamba hakuna mtu aliyeuona kabla yao. Mmea unaweza kuwa umekaa katika msitu huo kwa maelfu ya miaka, na wazee wa kijiji wakawa na jina lake na matumizi yake. Upya wake ni wa kumbukumbu: haujaelezwa kwa maandishi yanayofuata kanuni za kimataifa, ili mtu aliye Lushoto, Nairobi au London ausome maelezo hayo na kuujua kuwa ni mmea uleule.

Jambo hili linastahili kueleweka vizuri, kwa sababu baadhi ya watu hudhani kwamba misitu ya Tanzania imekwisha kuchunguzwa yote. Kitabu kikubwa cha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania kilianza kuchapishwa kwa sehemu mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, yaani kazi ya miaka 60. Hata hivyo mimea mipya inaendelea kupatikana. Mwaka 2025 ulitambulishwa rasmi mti wa Tessmannia princeps kutoka misitu ya Milima ya Udzungwa, mti unaoweza kufikia urefu wa takriban mita 40. Ikiwa mti wa kimo hicho uliweza kukaa bila jina la kisayansi hadi mwaka huo, si ajabu ua la ukubwa wa ukucha lililo juu ya tawi likaendelea kufichika.

Hatua za kuutambulisha mmea

Hatua ya kwanza ni ukusanyaji wenye kibali. Mtafiti hapaswi kuingia msituni na kung'oa apendavyo. Mtafiti wa kigeni hutakiwa kuwa na kibali cha utafiti kinachotolewa kupitia Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Na kwa msitu wa hifadhi, ruhusa ya mamlaka inayousimamia huhitajika pia. Akiupata mmea anaoutilia shaka, huandika tarehe, mahali, kimo kutoka usawa wa bahari, aina ya mti uliobeba okidi, na rangi na harufu ya ua. Mambo hayo mawili ya mwisho huandikwa palepale, kwa kuwa hubadilika au kupotea mmea unapokauka.

Hatua ya pili ni uhifadhi. Sehemu ya mmea hubanwa kati ya karatasi na kukaushwa. Ua moja au mawili huwekwa katika kimiminika chenye spiriti ili umbo lake lisiharibike, maana okidi hutofautishwa kwa viungo vidogo ambavyo vikibanwa huwa bapa na kutotambulika. Mmea uliokaushwa hupelekwa hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Tanzania ina Hebaria ya Taifa mjini Arusha, na zipo nyingine, ikiwemo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wakazi wa Usambara wana haki ya kujua kwamba hebaria kubwa ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi ilianzia katika kituo cha utafiti cha Amani, kilichoanzishwa mwaka 1902. Mkusanyo huo ulihamishiwa Nairobi mwaka 1950.

Hatua ya tatu ni ulinganishaji, na hiyo ndiyo inayochukua muda mrefu zaidi. Mtaalamu hana budi kuthibitisha kwamba mmea alionao si spishi iliyokwisha kupewa jina. Hupima urefu na upana wa majani, idadi ya maua katika shina moja, umbo la mdomo na urefu wa mrija wa nekta, kisha huvilinganisha vipimo hivyo na mimea iliyohifadhiwa katika hebaria za nchi mbalimbali. Siku hizi vinasaba pia hutumika kuonyesha undugu wa mimea. Mara nyingi ulinganishaji huu humalizika kwa jibu la unyenyekevu: mmea si mpya, bali ni ule uliojulikana zamani, ulioota mahali pasipotarajiwa. Hilo nalo ni jambo la maana kulijua.

Hatua ya nne ni uandishi na utoaji wa jina. Jina la kisayansi lina sehemu mbili: ya kwanza ni ya jenasi, yaani kundi la mimea yenye undugu wa karibu, na ya pili ni ya spishi yenyewe. Sehemu ya pili huweza kutaja mahali, sifa ya mmea, au mtu anayeheshimiwa. Kuanzia mwaka 1935 hadi mwisho wa mwaka 2011, kanuni zilitaka maelezo ya mmea mpya yaandikwe kwa Kilatini. Tangu mwaka 2012 Kiingereza kinakubalika pia. Pamoja na maelezo hayo, mwandishi hutaja mmea mmoja uliokaushwa na hebaria unamohifadhiwa, uwe kielelezo cha jina hilo. Ukizuka ubishi baadaye, kielelezo hicho ndicho kinachorejewa.

Umuhimu wa kielelezo ulidhihirika wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mimea mingi iliyokusanywa Tanganyika wakati wa utawala wa Kijerumani ilihifadhiwa Berlin, ikiwemo okidi zilizoelezwa na mtaalamu Rudolf Schlechter. Mwezi Machi 1943 hebaria hiyo ililipuliwa kwa mabomu na sehemu kubwa ikateketea. Kwa spishi ambazo nakala zake hazikuwa zimepelekwa kwingine, wataalamu wa baadaye walibaki na maandishi bila mmea wa kuutazama. Kwa hiyo leo mimea inayokusanywa hugawanywa katika hebaria zaidi ya moja inapowezekana, na ni vema nakala mojawapo ibaki katika nchi mmea ulikotoka.

Mfano kutoka Madagaska: miaka 15 ya ua moja

Ili hatua hizo zisibaki kuwa maneno matupu, unafaa kutazamwa mfano wa karibu wa kisiwa cha Madagaska, ambacho okidi zake zina undugu na za Afrika Mashariki.

Mwaka 1862 mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin alipokea maua ya okidi ya Madagaska iitwayo Angraecum sesquipedale. Mrija wake wa nekta ulikuwa na urefu wa karibu sentimita 30, na nekta ilikuwa chini kabisa. Darwin alisema kwamba ni lazima awepo nondo mwenye ulimi mrefu kiasi hicho. Nondo huyo alielezwa rasmi mwaka 1903, baada ya Darwin kufariki, akapewa jina la praedicta, maana yake "aliyetabiriwa". Ndugu yake wa karibu, Xanthopan morganii, anaishi Afrika bara, ikiwemo Afrika Mashariki.

Zaidi ya miaka mia moja ilipita. Mwaka 2009, Patrice Antilahimena, mtaalamu wa mimea wa Madagaska, alikusanya okidi ndogo ya mtini wakati wa uchunguzi wa mazingira uliohusiana na mradi wa uchimbaji madini. Ua lake lilikuwa na upana wa sentimita 2 hivi, lakini mrija wake wa nekta ulikuwa na urefu wa sentimita 33. Kwa kulinganisha na ukubwa wa ua, hakuna mmea mwingine unaojulikana wenye mrija mrefu kiasi hicho. Hata hivyo mmea huo haukupewa jina mwaka ule. Ulihifadhiwa, ukaonekana tena na wataalamu wengine zaidi ya miaka kumi baadaye, ukapimwa na kulinganishwa. Mwezi Machi 2024 ndipo ulipochapishwa kwa jina la Solenangis impraedicta, yaani "isiyotabiriwa", kwa kukumbuka utabiri wa Darwin. Jenasi hiyo si ngeni huku: Solenangis wakefieldii huota katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania.

Mfano huo una mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba kati ya siku ua lilipookotwa na siku lilipopewa jina ilipita miaka 15. Katika muda wote huo mmea ulihitaji kuendelea kuishi msituni bila ulinzi wa jina. La pili ni kwamba waliouchapisha hawakutangaza mahali hasa unapoota. Walihofia kwamba wafanyabiashara wa mimea adimu wangefika kabla ya walinzi.

Jina lina faida gani kwa mkazi

Mkazi anaweza kuuliza kwa haki: jina la Kilatini linaleta nini kijijini? Jibu la kweli ni kwamba halileti fedha kwa siku moja. Lakini mmea usio na jina hauwezi kuingizwa katika orodha ya spishi zilizo hatarini kutoweka, wala kutajwa kwa usahihi katika tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya barabara au mgodi kujengwa. Msitu wenye spishi zinazojulikana kuwa hazipo kwingine una hoja yenye nguvu ya kubaki msitu.

Na msitu ukibaki, anayenufaika wa kwanza ni mtu. Okidi za mitini huhitaji ukungu na unyevu wa kudumu. Zinapostawi, ni dalili kwamba msitu bado unakamata maji. Mto Zigi unaotoka Usambara Mashariki hulijaza bwawa la Mabayani, na maji hayo hutumiwa na wakazi wa jiji la Tanga. Hali ileile inayoitunza okidi juu ya tawi ndiyo inayoitunza chemchemi chini ya bonde.

Upande wa pili wa jambo hili haufai kufichwa. Umaarufu wa okidi umeiletea hasara katika maeneo mengine ya nchi. Katika Nyanda za Juu Kusini, viazi vya okidi za ardhini vimechimbwa kwa wingi na kupelekwa Zambia, ambako hupondwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chakula kiitwacho chikanda. Mchimbaji hupata fedha kidogo mara moja. Kiazi kikiondoka, mmea hautoi ua wala mbegu tena. Uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake, ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na okidi ni sehemu kubwa ya sababu za hifadhi hiyo kujulikana.

Kisheria, kuvuna mazao ya msitu katika msitu wa hifadhi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na mimea midogo nayo ni mazao ya msitu. Aidha, okidi zote za porini zimo katika orodha za mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya spishi zilizo hatarini, hivyo haziwezi kuvushwa mpaka kibiashara bila hati maalumu. Mgeni anayefika kijijini akitaka kununua okidi za msituni kwa gunia au kwa shina anamtaka mwanakijiji avunje sheria kwa niaba yake.

Mambo ya kufanya mkazi anapoona ua asilolijua

1. Auache mmea mahali pake. Okidi moja ikiondolewa, huenda ameondoa mzazi pekee wa eneo hilo.

2. Kama ana simu yenye kamera, apige picha ya ua kwa mbele na kwa ubavu, ili mrija wa nyuma uonekane, pamoja na majani na mizizi. Kidole au sarafu ikiwekwa kando ya ua bila kuligusa, husaidia kuonyesha ukubwa wake.

3. Akumbuke au aandike tarehe, jina la eneo, na mti uliobeba mmea huo. Jina la mti kwa lugha ya wenyeji linafaa sana, kwa kuwa wataalamu wa misitu hulitumia.

4. Atoe taarifa kwa kamati ya maliasili ya kijiji au kwa Mtendaji wa Kijiji, ambaye huifikisha kwa ofisi ya maliasili ya Halmashauri. Ikiwa mmea umo ndani ya hifadhi ya mazingira asilia, taarifa inaweza kupelekwa moja kwa moja kwa ofisi ya mhifadhi.

5. Asitangaze mahali hasa ulipo mmea katika mitandao ya kijamii. Picha ya ua haina madhara; ramani ya kulifikia ina madhara.

6. Akimkuta mtu anayekusanya mimea, amwulize kwa adabu kama amejitambulisha kwa serikali ya kijiji. Mtafiti wa halali huwa na kibali na hufurahi kukionyesha. Asiyekuwa nacho, taarifa zake zifikishwe kwa Mtendaji bila kugombana naye.

Walimu wa shule zilizo jirani na misitu wanaweza kulitumia somo hili kwa kuwatembeza wanafunzi ukingoni mwa msitu, wachore maua wanayoyaona bila kuyachuma na kuwauliza wazee majina yake. Daftari la namna hiyo, likiwekwa vizuri kwa miaka kadhaa, huwa msaada wa kweli kwa mtafiti atakayefika baadaye.

Mti ulioanguka baada ya masika hautadumu. Kivuli cha chini si mahali pa okidi ya mtini, na baada ya muda mmea uliokuwa juu ya tawi hunyauka. Ikiwa aliyepita pale amepiga picha na kutoa taarifa siku ileile, ofisa misitu anaweza kufika ua lingali bichi, na aliye na kibali akachukua kielelezo kwa utaratibu unaotakiwa. Asipotoa taarifa, ua huoza pamoja na tawi, na spishi hubaki bila jina hadi mti mwingine utakapoanguka, ikiwa utakuwepo mti mwingine uliolibeba ua hilo.